Gari jeusi, vumbi la volkano na maji ya ziwa: kuosha nyumbani bila kuharibu rangi

SWALI: «Jambo mukubwa. Nina RAV4 nyeusi ya 2008, nakaa Himbi hapa Goma. Zamani niliipeleka lavaji kila wiki, lakini pesa inaniuma. Sasa naosha mwenyewe nyumbani kwa Omo na tisheti ya zamani, maji ni ya bidoni yanatoka ziwani. Jua likipiga naona kwenye kapo (boneti) mikwaruzo mingi myembamba ya mzunguko. Kuna pia alama nyeupe za matone ambazo hazitoki hata nikisugua, na taa za mbele zimekuwa njano. Jirani anasema nipake mazutu (dizeli) kidogo mutuka (gari) ing'ae, na taa nisugue na dawa ya meno. Je, ninunue mashine ya presha? Kitu gani ni cha lazima, na kipi ni kutupa pesa? Aksanti.»

JIBU: Ndugu, tuanze na lililo jema: kati ya hayo matatu unayoyaona, mawili yanaweza kupungua sana kwa kazi ya mikono yako, na la tatu, la taa, unaweza kulimaliza kwa siku moja. Lakini umeyaona yote kama uchafu unaokataa kutoka, na kwa hiyo umekuwa ukisugua. Hapo ndipo hasara inapoingia. Mikwaruzo ni majeraha. Alama nyeupe ni chumvi ya maji, au shimo ambalo chumvi au asidi imeacha. Unjano wa taa ni plastiki iliyochomwa na jua. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji nguvu zaidi ya mkono wako.

Rangi nyeusi unayoiona haiko juu. Juu yake kiwanda kiliweka vanishi isiyo na rangi, ambayo kwa kawaida ina unene wa mikroni 40 hadi 50 (mikroni ni sehemu ya elfu moja ya milimita), nyembamba kuliko unywele wa kichwani. Mng'ao wote wa gari unatoka kwenye vanishi hiyo, na mikwaruzo yako iko humo, haijafika kwenye rangi. Huo mzunguko, kwa kweli, ni macho yanadanganywa: mikwaruzo imeelekea kila upande, ila jua linaangaza ile tu iliyokaa kinyume na mwanga, ndiyo maana inaonekana kulizunguka jua. Gari jeupe linaweza kuwa na mikwaruzo mingi kuliko lako na mwenyewe asijue.

Nani aliyeichora? Omo si mhusika mkuu. Mhusika ni mchanga wa Goma. Mji wetu umekaa juu ya lava. Ile iliyomwagwa na volkano Nyiragongo mwaka 2002 bado inapasuliwa kwa ajili ya kuta na kusagwa na magurudumu barabarani kila siku. Punje zake ni vipande vya kioo cha volkano na fuwele, vyenye kingo kali, na vingi vina ugumu unaokaribia ule wa kioo cha dirisha. Vanishi ni laini mno mbele yake. Tisheti kavu ikipita juu ya vumbi hilo inageuka msasa. Ndivyo ilivyo pia pale lavaji ambako kitambaa kimoja na ndoo moja vinahudumia magari ya asubuhi mpaka jioni: mchanga wa jeep iliyotoka Sake unaishia kwenye kapo yako. Kwa hiyo usidhani kuosha nyumbani ndiko kulikoleta balaa. Huenda nusu ya mikwaruzo hiyo uliilipia.

Sheria ninayotaka uishike ni moja: usiguse gari kwa kitambaa kabla maji hayajaondoa mchanga. Ukiishika hiyo, hata sabuni ya bei ndogo itakutosha. Ukiivunja, dawa ya bei kubwa haitakuokoa.

Sasa hesabu ya maji, maana najua kila bidoni ina bei na mgongo wa mtu. Kwa gari la ukubwa wa RAV4, bidoni tatu za lita 20 zinatosha. Ya kwanza ni ya kusuuza kabla ya kugusa. Ya pili igawe katika ndoo mbili, lita 10 na lita 10: moja ya sabuni, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa. Ya tatu ni ya mwisho. Ikiwa umetoka barabara ya Rutshuru wakati wa matope, ongeza ya nne kwa ajili ya magurudumu na chini ya matao yake.

Kwa bidoni ile ya kwanza, kopo halisaidii sana. Maji yanashuka mahali pamoja na kupotea. Nunua pompa ya mgongoni ile ya wakulima, ya lita 16. Hicho ndicho kifaa kinachorudisha pesa yake kuliko vyote. Inatoa maji kidogo kwa mtawanyiko mpana, na inabeba mchanga bila kumaliza bidoni. Iwe mpya: iliyowahi kubeba dawa ya wadudu au ya majani usiilete kwenye mlango ambao mtoto atashika. Anza kwenye paa, ushuke. Nyunyiza gari zima kwa lita chache, subiri dakika tano vumbi lilainike, bila kuliacha likauke, kisha suuza kwa maji yaliyobaki.

Kuhusu mashine ya presha, jibu langu ni hapana, kwa hali yako. Mashine ndogo ya umeme inakula lita 6 hivi kwa dakika. Bidoni yako moja inaisha kwa dakika tatu na ushee, na mashine nyingine hazivuti maji kutoka kwenye chombo bila mpira maalum. Ongeza mambo ya umeme kukatika. Hiyo ni mashine ya mtu mwenye robine inayotiririka.

Sabuni. Sabuni ya unga ya nguo ina alikali kali, inaondoa nta yote iliyoko juu ya vanishi, inafifisha raba na aluminiamu, na punje ambazo hazijayeyuka nazo zinakwaruza. Iache. Sabuni ya maji ya vyombo ni afadhali, kijiko kimoja cha chakula katika lita 10. Nayo inaondoa nta, lakini ukikosa kingine haitakuunguzia gari. Kilicho bora ni shampuu ya magari, kwa sababu imetengenezwa ili iteleze, na utelezi huo ndio unaoruhusu punje iliyobaki kupita bila kuchora. Usitishwe na bei ya chupa. Nyingi zinataka mililita 30 hivi kwa ndoo. Soma nyuma ya chupa, pima kwa kifuniko, na lita moja itakupeleka zaidi ya mara 30. Wengi wanaosema shampuu ni ghali wanaimimina kwa macho.

Tisheti ipe kazi nyingine. Ina mishono, na pamba yake bapa inashikilia punje juu juu. Tafuta glavu ya kuoshea yenye nyuzi ndefu, au taulo za mikrofaiba nene, mtaani Birere hazikosekani. Taulo sita zinatosha: mbili za kuoshea sehemu ya juu, moja ya sehemu ya chini, moja ya magurudumu peke yake, mbili za kukaushia. Zifue peke yake, bila dawa ya kulainisha nguo, maana inazipaka mafuta na hazinyonyi tena. Iliyoanguka chini, hata kama unaiona safi, haigusi tena karoseri siku hiyo.

Chovya kwenye sabuni, osha paa kwa mistari iliyonyooka bila kukandamiza, suuza glavu kwenye ndoo ya pili, ikamue, rudi kwenye sabuni. Fanya hivyo kwa kila kipande: paa, vioo, kapo, nusu ya juu ya milango, halafu ya chini na bampa, mwisho magurudumu. Ndani ya ndoo ya kusuuzia, kwenye kitako chake, weka chujio la plastiki lililopinduliwa, mchanga uzame chini yake na usirudi kwenye glavu. Maji yakiwa meusi, yabadilishe, usione huruma. Usianze kazi hii saa sita mchana; hapa tuko karibu na mita 1,500 na digrii mbili tu kutoka ikweta, na kapo nyeusi inakausha sabuni kabla hujageuka. Saa moja asubuhi, au baada ya saa kumi na moja jioni chini ya kivuli, ndiyo wakati wake.

Hapo tunafika kwenye alama nyeupe, na hizi zina maelezo ya Kivu kabisa. Maji ya ziwa letu la Kivu yana alikali, pH yake (kipimo cha asidi na alikali) kwenye tabaka la juu la ziwa iko karibu na 9, na yamebeba bikaboneti, sodiamu na magnesiamu nyingi. Tone likikauka, maji yanaondoka, chumvi zinabaki. Kesho unaweka tone jingine juu ya lile. Jua linazioka mpaka zinashikamana na vanishi. Kisha kuna chanzo cha pili: mvua inayopita kwenye moshi wa Nyiragongo inashuka na asidi ya salfa, ya klorini na ya florini. Ikikauka juu ya gari lisilo na nta, inakula vanishi yenyewe na kuacha shimo dogo la mviringo.

Kutofautisha ni rahisi. Changanya siki nyeupe ya jikoni na maji safi, nusu kwa nusu. Gari likiwa limeoshwa na limepoa, loweka kitambaa, kilaze juu ya alama chache kwa dakika moja au mbili, futa, suuza kwa maji mengi. Zikitoweka, zilikuwa chumvi tu. Endelea kipande kwa kipande, bila kuacha siki ikauke na bila kuigusisha na vyuma vya mapambo kwa muda mrefu. Zikibaki kivuli au mviringo wenye ukingo, hizo ni mashimo, na siki haina kazi tena hapo. Zinahitaji polishi, na za kina kikubwa hazitoki zote. Usiongeze nguvu ya siki wala usijaribu asidi ya betri au dawa ya choo, maana kuna watu wanaopendekeza hata hiyo.

Kinga yake ni bidoni ya tatu. Iwe ya maji ya mvua. Acha mvua ya kwanza ioshe majivu kwenye mabati kwa dakika kumi na tano hivi, kisha kinga. Utaniuliza: si umesema mvua ina asidi? Ndiyo, lakini haina chumvi nyingi, na wewe hutaiacha ikauke. Mimina taratibu kutoka juu maji yashuke kwa utando mmoja, halafu kausha mara moja: tandaza taulo kubwa kwenye kapo, livute kuelekea kwako, usizungushe. Fungua milango ufute kingo, maana maji yaliyojificha kwenye vioo vya pembeni ndiyo yanayotoka baadaye na kuacha machozi meupe.

Siku ambayo majivu yameanguka, kama yale ya mwisho wa Mei 2021 baada ya mlipuko wa Nyiragongo, utaratibu wote unabadilika. Usiwashe waipa hata kidogo. Zitachora kioo cha mbele mistari ambayo haitatoka. Ziinue, mwaga maji mengi, futa nafasi iliyo chini ya kioo ambako waipa zinakaa, kwa kuwa majivu yakilowa yanaganda humo na kuziba njia za maji. Siku hiyo suuza tu, usiguse. Kisha toa filta ya hewa ya injini uikung'ute au uibadilishe, na ile ya ndani ya gari vilevile. Kusuuza siku hiyohiyo kunakuokolea pesa kuliko kuosha vizuri wiki inayofuata.

Mazutu: usipake. Inang'aa kwa sababu ni mafuta, na mafuta yanajaza mikwaruzo kwa siku moja au mbili. Vumbi lote la barabara linakuja kukaa juu yake, ukifuta unakwaruza upya, na raba za milango zinavimba na kulegea. Mng'ao unaoutafuta unatoka kwenye nta halisi au silanti ya magari (kinga ya kemikali inayopakwa kama nta). Nta ya mkebe haiendi mbali kwenye jua la hapa, wiki chache tu; silanti ya kemikali inaweza kufika miezi mitatu hadi minne. Kama mfuko unaruhusu kimoja tu, chukua silanti. Paka nyembamba sana, gari zima lisitumie zaidi ya gramu 20, subiri ikauke kama mkebe unavyosema, futa kwa mikrofaiba safi. Ukipaka nene hupati kinga zaidi, unapata kazi ya kuifuta. Baada ya hapo matone yatateleza yenyewe, chumvi na asidi zitakaa juu ya silanti badala ya vanishi, na kuosha kutachukua nusu ya muda.

Kabla ya silanti, gusa kapo iliyooshwa ukiwa umevaa mfuko wa plastiki laini mkononi. Ukisikia vijipunje, hivyo vimeng'ang'ania na sabuni haitavitoa. Kuna dongo maalum la kusafishia rangi. Unalipitisha juu ya maji mengi ya shampuu bila kulibonyeza, unalikunja kila linapochafuka, na likianguka chini unalitupa, hata kama umelinunua jana. Mara moja kwa mwaka inatosha.

Kwa mikwaruzo yenyewe, polishi ya mkono ya ukali mdogo itaipunguza, haitaimaliza. Jaribu kwanza eneo la sentimita 30 kwa 30 kwenye pembe ya kapo, pedi ya sponji, tone tatu au nne, sugua kwa dakika mbili, futa, angalia juani. Ukiridhika na nusu ya matokeo, endelea. Kumbuka kwamba polishi inafanya kazi kwa kuondoa vanishi, na ile mikroni 40 haizaliwi upya. Gari la 2008 huenda limeshapigwa polishi mara kadhaa kabla halijafika kwako. Pale kwenye kingo na mikunjo ya karoseri vanishi ni nyembamba zaidi, pita haraka au ruka kabisa. Binafsi ningeishi na mikwaruzo myepesi na kuweka silanti juu yake, kuliko kukimbizana nayo kila mwaka.

Taa. Dawa ya meno inafanya kazi, jirani hakudanganya, kwa wiki chache. Glasi ya taa zako ni plastiki ya polikaboneti iliyofunikwa na tabaka la kuzuia miale ya jua. Tabaka hilo limekufa. Dawa ya meno inaondoa mabaki yake, taa inang'aa, halafu plastiki iko uchi na inarudi njano haraka kuliko mwanzo. Ifanye sawasawa: zungushia utepe wa karatasi kwenye rangi, sugua kwa msasa wa maji namba 1000, kisha 2000, kisha 3000, kila mmoja mpaka alama za uliotangulia zipotee, maji yakitiririka muda wote. Taa itakuwa kama ukungu, usiogope. Ikaushe, ifute kwa spiriti, pulizia vanishi safi inayozuia miale ya jua, tabaka mbili nyembamba. Ukikosa vanishi hiyo, piga polishi na upake silanti kila mwezi, ukijua ni kuchelewesha tu. Ikiwa ukungu uko ndani ya taa, usisugue kitu. Raba yake imeachia.

Ndani ya gari hakuna siri nyingi. Brashi laini na kitambaa chenye unyevu kwa dashibodi, bila yale mafuta ya kung'arisha, ambayo yanaakisi kwenye kioo cha mbele na kushika vumbi. Kwenye usukani na pedali yasiguse kamwe. Viti vya kitambaa visafishe kwa povu peke yake, kijiko cha shampuu katika lita ya maji, na uvikaushe milango ikiwa wazi. Msimu wa mvua, kiti kilicholoweshwa mpaka sponji kinaoza kabla hakijakauka. Nyaya za njano chini ya viti ni za mifuko ya hewa: usizivute, usizilowanishe. Injini ifute kwa kitambaa ikiwa baridi. Kuimwagia esansi (petroli) au mazutu ni kuomba moto.

Na gari usilipeleke kwenye ufuo wa ziwa, hata kama maji huko ni ya bure. Mafuta na vumbi la freni vinaingia kwenye maji ambayo familia za chini yako zinachota.

Kuna kazi ambazo bado ningelipa. Tope lililoganda chini ya shasi linataka shimo na presha ya kweli. Nenda lavaji mara moja baada ya safari mbaya, waambie waoshe chini tu, au beba glavu yako na ndoo zako kwa sehemu ya juu. Nenda kwa fundi wa rangi kama kucha yako inanasa kwenye mkwaruzo, kama vanishi inabanduka kwa magamba meupe, hasa juu ya paa, au kama rangi imevimba vipele karibu na matao ya magurudumu, kwa sababu chini yake kuna kutu na polishi itaifichua tu. Kabla hajawasha mashine ya polishi, muulize kama ana kifaa cha kupima unene wa rangi na umwombe akuonyeshe namba za kapo, paa na milango. Kama hana, mwambie aanze na sehemu ndogo ya mlango wa nyuma, na uitazame nje juani kabla hujamruhusu kugusa kapo.